Imani ya Kerneli

Umeme ukiingia kwenye Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kadi ya benki iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa Februari 2016, viini vinne vya prosesa yake huamka karibu pamoja. Kimoja tu ndicho hupewa kazi. Vitatu vilivyobaki huwekwa kando, kila kimoja na anwani yake ya kutazama kwenye kumbukumbu. Husoma kilichomo, hukuta sifuri, husinzia. Vikishtuliwa husoma tena, hukuta sifuri ile ile, husinzia tena. Siku namba nyingine itakapoandikwa humo, kiini chenye anwani hiyo kitairukia na kuanza kazi. Mpaka hapo ni kungoja tu.

Kile kilichobaki kazini huanza kuendesha kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, programu inayozigawia programu nyingine zote muda wa prosesa, kumbukumbu na vifaa. Katika hatua hiyo ya kwanza kerneli haijui bodi hii ina kumbukumbu kiasi gani wala inaanzia wapi. Haijui kama kuna viini vingine. Haijui saa iko wapi, wala skrini, wala mlango wa kadi. Mkononi ina kitu kimoja: namba iliyoachwa na programu iliyotangulia, ndani ya rejista iitwayo x0. Namba hiyo ni anwani, na kwenye anwani hiyo kuna waraka.

Waraka huo mafundi huuita mti wa vifaa. Unabeba maelezo ya bodi nzima: kumbukumbu inaanzia wapi na kuishia wapi, viini ni vingapi, saa ni ipi, waya gani unakwenda wapi. Baiti zake nne za mwanzo ni muhuri, na kwa hesabu ya kumi na sita lazima zisomeke d00dfeed. Kerneli ya Linux ikikuta muhuri haupo, au waraka umezidi megabaiti 2, haibahatishi. Huandika kwamba waraka haufai, humtaka mtu aikague programu iliyouleta, kisha huzunguka palepale mpaka umeme ukatwe. Kwa kawaida hakuna anayeyaona maandishi hayo, kwa sababu waraka ndio ungesema skrini iko wapi.

Hapa fundi wa kompyuta amesimama mlango mmoja na mwanafunzi wa tauhidi. Kiumbe aliyeanza bila kujua lolote kuhusu ulimwengu aliowekwa ndani yake, atajua kwa njia gani? Atafute mwenyewe, au aambiwe? Na akiambiwa akaamini, je, ana ujuzi, au anafuata tu?

Jibu la haraka ni kwamba atafute mwenyewe. Apige hodi kila mlango. Na ipo milango inayoitikia: vifaa vya PCI, mpango uliotoka mwaka 1992, na vya USB, uliofuata mwaka 1996, vimetengenezwa ili viulizwe. Kila kimoja hubeba namba ya kampuni iliyokitengeneza na namba ya aina yake, na hutoa zote mbili kikiulizwa. Lakini ndani ya chipu ya simu, au ya bodi kama hii, sehemu nyingi hazina sauti. Saa iko kwenye anwani fulani, basi, haijitangazi. Ukisoma anwani ya jirani isiyo na kitu, baadhi ya chipu hurudisha kosa na nyingine huganda kabisa. Kwenye nyaya za I2C, ambazo mara nyingi ndizo zinazokiongoza kifaa cha kupanga volti, swali la kubahatisha linaweza kupokewa kama amri. Mwenye kupapasa gizani hapa anaweza kukata umeme wa nyumba nzima.

Tena tatizo lina mzizi chini ya hatari hiyo. Anayetafuta huhitaji mahali pa kuweka anachokipata, na kerneli isiyojua kumbukumbu iko wapi ina nafasi finyu mno ya kuandika matokeo ya maswali yake. Kutafuta kwenyewe kunadai kitu kilichokwisha kupokelewa.

Wanafalsafa wawili wa Uskoti waliligusa jambo hili kwa kuwatazama watu. David Hume aliandika mwaka 1748 kwamba mtu huamini ushuhuda wa wenzake kwa kuwa uzoefu umemwonyesha kwamba mara nyingi husema kweli. Thomas Reid, mwaka 1764, alishika njia nyingine. Kama kuamini kungekuwa tunda la uzoefu, alisema, watoto wangekuwa wagumu kuamini kuliko watu wote, ilhali ndio wepesi kuliko wote. Kwake, kuamini huja kwanza, na uzoefu huja baadaye kukupunguza na kukuwekea mipaka. Hume hakuwahi kuiona kompyuta, wala Reid, lakini anayeisoma kerneli mstari kwa mstari atakuta kwamba katika hatua zake za mwanzo inakwenda na Reid.

Vitabu viwili vinavyosomwa sana Afrika Mashariki vinasimulia mwanzo wa ujuzi wa binadamu kwa njia zinazokaribiana, lakini si njia moja. Katika Mwanzo, sura ya pili, Mungu anamletea Adamu wanyama ili aone atawaitaje, na jina alilotoa Adamu ndilo linalobaki. Katika Sura ya al-Baqara, Mwenyezi Mungu anamfundisha Adamu majina ya vitu vyote; malaika wanapoulizwa majina hayo wanakiri kwamba hawana ujuzi ila ule waliofundishwa. Simulizi moja inamwonyesha mtu anayetazama na kutaja. Nyingine inamwonyesha mtu anayepokea, na kupokea huko ndiko kunakompa daraja. Waumini wa dini zote mbili wamekaa na simulizi hizi kwa karne nyingi bila kuona haja ya kuchagua kati ya kutaja na kupokea. Wahandisi nao hawakuchagua. Walijenga zote mbili.

Njia ya kutazama inaonekana kwenye prosesa za Intel. 80386 haikuwa na amri ya kujitaja. Programu iliyotaka kujua kama imetua kwenye 386 au 486 ilijaribu kugeuza biti ya 18 ya rejista ya bendera: ikigeuka, hii ni 486, ikigoma, ni 386. Ni kumtambua mtu kwa mwendo wake kabla hajafungua mdomo. Kisha mwaka 1993 Pentium ikaja na amri iitwayo CPUID, ambayo iliingia pia kwenye baadhi ya 486 za mwisho. Ukiitoa ukiwa umeweka sifuri kwenye rejista ya EAX, prosesa hujibu kwa herufi 12 zilizokatwa vipande vitatu: GenuineIntel, au AuthenticAMD ikiwa ni ya mshindani wake. Zote mbili zimeweka neno la kusema "mimi ni halisi" ndani ya jina lenyewe, kama shahidi anayeapa kabla ya swali la pili.

Upande wa ARM, ambao ndio wa simu karibu zote zilizo mikononi mwa watu, mambo yalikuwa magumu zaidi. Chipu hutengenezwa na makampuni mengi, na kila moja hupanga vifaa ndani yake inavyotaka. Kwa miaka mingi Linux ilibeba, ndani ya msimbo wake, faili la karibu kila bodi. Kerneli ya bodi fulani ilizaliwa ikiijua bodi hiyo, na nje ya bodi hiyo haikuweza kuishi. Bodi zilipoongezeka, msimbo ukafura kwa maelezo yaliyorudia yale yale kwa namba tofauti. Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani kwa maneno makali, na waliohusika na ARM wakaelewa kwamba hali ile imefika mwisho.

Dawa ilikuwepo tangu zamani. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Sun Microsystems, kwa kazi ya Mitch Bradley, iliunda programu ya kuwashia mashine ambayo iliyapanga maelezo ya vifaa kama mti, na kadi za kuongezea zilibeba maelezo yao wenyewe katika lugha ya Forth, ili prosesa yoyote iweze kuyasoma. Mwaka 1994 mpango huo ukawa kiwango cha IEEE namba 1275. Apple waliutumia kwenye kompyuta zao za PowerPC. Bradley huyo huyo aliupeleka baadaye kwenye kompyuta ndogo ya XO iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoigawa kwa maelfu. Watoto wengi wa shule za msingi za huko waliwasha mti huu kila asubuhi bila kujua. Watu wa PowerPC ndio waliouminya mti, ukawa waraka mmoja wa kukabidhiwa kerneli, na ARM wakauchukua. Desemba 2012, toleo la 3.7 la Linux lilianza kuwasha bodi za ARM za makampuni tofauti kwa kerneli ile ile.

Badiliko hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Ujuzi uliokuwa wa kuzaliwa nao ukawa ujuzi wa kuletewa. Kerneli iliacha kujua mengi, na kwa kuacha huko ikaweza kuishi popote.

Tawi la viini kwenye mti wa Raspberry Pi 3 ni fupi. Kuna kiini namba 0, 1, 2 na 3. Kila kimoja kimeandikiwa aina yake, Cortex-A53 ya ARM. Namba yake ya utambulisho. Namna ya kukiamsha. Na anwani kinayoitazama kikiwa kinangoja: d8, e0, e8, f0. Huo ndio utaratibu wa viini vilivyosinzia, umeandikwa na mtu aliyeijua bodi, kwa ajili ya msomaji atakayefika hajui kitu. Kanuni ya watunzaji wa miti hii ni kwamba waraka useme kilichopo, usiseme kifanywe nini. Ni kanuni nzuri, ingawa mti wenyewe una tawi dogo la kupitishia kerneli maagizo, na mabishano kuhusu mpaka kati ya habari na amri hayajawahi kwisha.

Wanazuoni wa tauhidi wana neno kwa hali ya kerneli mbele ya waraka huu: taklidi, kufuata kauli ya mwingine bila kuijua dalili yake. Je, aliyeamini kwa sababu tu wazee wake walimwambia ana imani inayokubalika? Wapo walioikubali bila masharti. Wapo waliosema inakubalika, ila mwenyewe ana dhambi ikiwa alikuwa na uwezo wa kutafakari akaacha. Wapo walioikataa. Muhammad al-Sanusi wa Tlemcen, katika Algeria ya leo, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 15, alikuwa miongoni mwa wakali. Kitabu chake kidogo, Umm al-Barahin, kinamtaka Muislamu awe na dalili ya anachokiamini, walau kwa ujumla. Hakumtaka kila mchuuzi na mkulima awe mwanafalsafa. Alimtaka asiwe chombo kinachomiminiwa.

Kerneli ya Linux kwenye ARM ya biti 64 ina jibu lake kwa swali hilo, na limeandikwa katika lugha ya C.

Kila kiini cha ARM kina rejista iitwayo MPIDR, yenye namba ya utambulisho ya kiini hicho. Namba hii haitoki kwenye waraka. Kiini hujisomea chenyewe. Kerneli ikifika kwenye tawi la viini hupita kimoja baada ya kingine, ikilinganisha namba zilizoandikwa na ile ya kiini kinachofanya kusoma. Ikikuta namba moja imeandikwa mara mbili, hulalamika. Na ikimaliza orodha nzima bila kujikuta, huandika kosa: kiini cha kuwashia hakimo kwenye orodha. Kisha huacha kuviamsha vingine vyote.

Hatua hiyo yafaa kutazamwa polepole. Waraka umekuja ukidai unavijua viini vyote vya bodi. Umekikosa kimoja, tena kile ambacho kuwepo kwake hakuna shaka, kwa sababu ndicho kinachousoma. Neno lake kuhusu vilivyo gizani litategemewaje? Kerneli haina njia ya kuvihakiki viini vitatu kabla ya kuviita. Ina kimoja tu inachokijua bila kuambiwa, na hicho imekifanya mizani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliwataka wasomaji wake wamfikirie mtu aliyeumbwa akiwa ananing'inia hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani. Hata huyo, alisema, atajua kwamba yupo. Wahandisi wamekitia kazini kijisehemu hicho cha yakini. Kiumbe anayejua jambo moja tu, kwamba yupo na namba yake ni hii, tayari anaweza kumpima aliyemletea habari za ulimwengu mzima.

Haya si mashaka ya kila kitu, wala si kumeza kila kitu. Mti ukisema kwamba kumbukumbu inaanzia mahali fulani, kerneli huanza kuitumia bila kudai ushahidi. Huanza kwa kukubali, na palipo na njia ya kupima hupima. Mwenye kuisoma Umm al-Barahin kwa moyo mkunjufu anaweza kuona kwamba al-Sanusi hakuwa mbali sana na hapo.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kupima ni wa mwaka 1994. Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika jimbo la Virginia, alikuwa akifanya hesabu ndefu za namba tasa akagundua kwamba Pentium yake inakosea kugawanya. Kosa lilikuwa ndani ya jedwali lililochorwa kwenye prosesa yenyewe, na maingizo kadhaa yalikuwa yamekosekana. Intel hatimaye walitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilisha prosesa hizo. Lakini Linux ilifanya jambo ambalo hakuna CPUID ingeweza kulifanya. Prosesa yenye dosari na isiyo na dosari zote zilijibu GenuineIntel. Basi kerneli ikaanza kuuliza kwa namna nyingine: gawanya 4195835 kwa 3145727, zidisha jibu kwa 3145727, toa kwenye 4195835. Prosesa nzima huleta sifuri. Yenye dosari huleta 256. Hapo hakuna jina wala kiapo; kuna hesabu moja tu ya darasa la shule, na mwenye kudai anajua kugawanya ametakiwa agawanye.

Lakini kuna swali ambalo kugawanya hakulifikii. Itakuwaje ikiwa bodi nzima haipo?

Programu ya QEMU huweza kuiga mashine ndani ya mashine. Ikiombwa mashine ya ARM ya aina iitwayo virt, huunda mti wa vifaa palepale kwenye kumbukumbu, wenye viini, saa na milango, na kuikabidhi kerneli anwani yake ndani ya x0, kama kawaida. Bodi iliyoelezwa kwenye mti huo haijawahi kutengenezwa na kiwanda chochote duniani. Kerneli huusoma, hujikuta kwenye orodha, huviita viini vingine, navyo huitika.

Abu Hamid al-Ghazali, ambaye kitabu chake Ihya husomwa kwenye madarasa ya pwani mpaka leo, alipita kwenye shimo la namna hii. Katika kitabu chake cha kujieleza, Kuokoka na Upotevu, anasimulia alivyoanza kuzitilia shaka hisia: jicho linaiona nyota kuwa na ukubwa wa dinari, na hesabu inathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Akili imeihukumu hisia. Basi huenda kuna kitu juu ya akili ambacho kingeihukumu akili, kama vile kuamka kunavyozihukumu ndoto. Anasema alikaa na maradhi hayo karibu miezi miwili, na kilichomtoa hakikuwa hoja iliyopangwa, ilikuwa nuru aliyotiwa kifuani na Mungu.

Kerneli haina kifua. Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza mwaka 1974 masharti ya mashine ya kuigiza iliyo kamili: programu iliyo ndani yake iende kama ambavyo ingekwenda kwenye mashine ya kweli, isipokuwa kwa tofauti za muda na za upungufu wa rasilimali. Chini ya masharti hayo mwenyeji, yaani mashine inayoiga, anaweza kumficha mgeni, yaani kerneli iliyo ndani yake, ukweli huo karibu kabisa. Kwa desturi hafichi. Kwenye prosesa za Intel na AMD kuna biti moja katika jibu la CPUID ambayo mwenyeji huiwasha kumwambia mgeni kwamba yuko ndani ya mashine ya kuigiza, na mti wa QEMU hujieleza wazi kwamba bodi hii ni ya bandia. Ni adabu, na adabu hiyo ina faida, kwa kuwa mgeni anayejua yuko wapi huomba vitu kwa njia nyepesi zaidi.

Je, mti wa bodi isiyokuwepo ni uongo? Wengi wangejibu ndiyo haraka, na wangekosea. Mti uliahidi kwamba kwenye anwani fulani kuna saa, na kerneli ikisoma anwani hiyo muda unakuja, sahihi, kila mara. Uliahidi viini vinne na vinne vimeitika. Uongo ungekuwa kuahidi kitu kisha anwani ikabaki kimya. Kilichokosekana ni silikoni, na waraka haukuwahi kuahidi silikoni.

Uongo wenyewe upo mahali pengine, na mara hii msemaji ni kerneli. Mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa ACPI, njia nyingine ya kuieleza mashine, ambayo ndani yake waraka hubeba programu ndogondogo za kuendeshwa na kerneli. Programu hizo zinaweza kuuliza: wewe ni mfumo gani? Watengenezaji wengi walizijaribu kompyuta zao kwa Windows pekee, na njia zilizoandikwa kwa ajili ya mifumo mingine zilibaki na kasoro ambazo hakuna aliyezipima. Kwa hiyo Linux ikiulizwa kama ni Windows, hujibu ndiyo. Ikiulizwa kama ni Linux, hujibu hapana. Wanafalsafa Agostino na Kant wasingelikubali hilo kwa hali yoyote. Al-Ghazali aliuruhusu uongo pale ambapo jambo jema halifikiwi kwa njia nyingine. Lakini hapa swali lilikuwa limeharibika kabla ya jibu. Lilianza likiuliza "u nani?" na kwa matumizi ya miaka likawa linauliza "nikupitishe njia iliyopimwa au ile ambayo haikupimwa?" Kwa maana hiyo ya pili, jibu la Linux ni la kweli.

Maneno huhama hivyo hata bila mtu kudanganya. Miti ya prosesa za RISC-V ilieleza uwezo wa kila kiini kwa mfuatano wa herufi kama rv64imafdc, na herufi i ilimaanisha amri za msingi. Mwaka 2019 kiwango cha RISC-V kilihamisha baadhi ya amri kutoka kwenye msingi huo na kuzipa majina yao. Herufi ikabaki ile ile, maana ikapungua. Mti ulioandikwa kabla na ulioandikwa baada ulisema neno moja na kukusudia mambo mawili. Mwaka 2023 watunzaji wa Linux waliuacha mtindo huo na kuweka orodha ambayo kila uwezo una jina lake na maelezo yake ya kudumu. Mfasiri yeyote wa vitabu vya dini angewaelewa.

Na kuna kimya. Januari 2018 dunia ilijua kuhusu Meltdown na Spectre: prosesa zilizokuwa zikikimbilia mbele kubahatisha kazi inayofuata ziliacha alama kwenye kumbukumbu ya karibu, na programu ovu iliweza kuzisoma alama hizo na kupata siri zisizo zake. Hakuna waraka uliosema uongo. Mti ulisema Cortex ya aina fulani, na ilikuwa Cortex ya aina hiyo. CPUID ilisema kweli katika kila biti. Hatari ilikuwa katika jambo ambalo hakuna aliyefikiri kuuliza, na ushuhuda wa kweli kabisa unaweza kuwa na shimo kubwa namna hiyo ndani yake. Linux sasa ina folda inayotaja udhaifu wa namna hii unaojulikana na hali ya prosesa husika mbele yake. Hapo ndipo panapoonekana tofauti ya kazi mbili za wanazuoni wa hadithi za Mtume: kuikagua sanad ni kukagua nani alipokea kutoka kwa nani, kuikagua matni ni kulikagua neno lenyewe. Sahihi za kidijitali zinazoilinda kompyuta wakati wa kuwaka ni sanad nzuri mno. Zinathibitisha kwamba waraka umetoka kiwandani bila kuguswa njiani. Kuhusu kilichomo, hazina la kusema.

Kwenye Raspberry Pi, kerneli imekwisha kusoma. Imejikuta kwenye orodha. Inaandika anwani ya kuanzia kazi mahali pa e0, pa e8 na pa f0, kisha inatoa amri ya kuwashtua waliolala. Viini vinashtuka, vinasoma, na kwa mara ya kwanza havikuti sifuri. Baada ya hapo kerneli hukiita kimoja kimoja kwa zamu na kukipa sekunde 5 kuitika. Namba 1 kinaitika. Namba 2 kinaitika. Namba 3, ikiwa kuna ufa kwenye chipu au waraka umekosea anwani, kitakuwa kimya, na sekunde 5 zitapita zote. Kerneli itaandika kwamba kiini namba 3 kimeshindwa kufika kazini, na itaendelea kuwasha mashine kwa vitatu vilivyopo.